Nane au Mbili: Swali Lililowagombanisha Wanafunzi Wangu

Ninyi mnaoanza ualimu mwaka huu, hasa mliopewa somo la hisabati kwa sababu walimu wengine wote walilikimbia, naomba mnisikilize kidogo. Mimi nimestaafu. Nakaa hapa Rahaleo, Mtwara, na kuku wangu saba na magoti yanayolalamika kila mvua ikikaribia. Sina cheo cha kumwelekeza mtu yeyote. Nina makosa yangu tu, na moja nitalisimulia lote, kwa sababu lilichelewa mno kusahihishwa na nusura liharibu harusi ya mtoto wa watu.

Wanafunzi wangu wa darasa moja la zamani kule Ziwani, ambao leo nao wana watoto wakubwa, walifungua kundi kwenye simu wakaniingiza na mimi. Ni kundi zuri. Asubuhi wanaamkiana, wanapeana habari za misiba, wanatumiana picha za ufuta ulioota vizuri. Mimi husoma tu, naandika mara chache kwa sababu kidole changu kinagusa herufi tatu kwa mpigo.

Siku moja mmoja wao akaleta swali alilolikuta mtandaoni. Lilikuwa limeandikwa hivi:

12 ÷ 3(1 + 1) = ?

Chini yake kulikuwa na maneno: "Wenye akili tu ndio watakaopata."

Hayo maneno ya chini ndiyo sumu, wanangu. Swali bila maneno yale ni swali. Ukiyaweka, kila atakayejibu anajibu kuhusu akili yake, na atakayemwambia amekosea atakuwa amemtukana.

Kabla ya chai kupoa kundi lilikuwa limegawanyika. Kuna waliosema nane, wakiongozwa na Somoe, ambaye ni muuguzi hapa mjini. Somoe alieleza vizuri kabisa: mabano kwanza, moja na moja ni mbili, kisha Magazijuto inasema gawanya ndipo uzidishe, kumi na mbili kwa tatu ni nne, nne mara mbili ni nane. Na kuna waliosema mbili, wakiongozwa na Albertina, anayelima mpunga na kufanya biashara ndogondogo kule Kilambo, karibu na kivuko cha mto Ruvuma. Albertina aliandika kwamba ile tatu imeshikana na mabano yake, haiwezi kung'olewa peke yake. Tatu mara mbili ni sita, na kumi na mbili kwa sita ni mbili.

Somoe na Albertina, niwaambie, hawakuwa watu wa kugombana. Walikaa dawati moja kwangu. Somoe alipokwenda kusomea uuguzi mkoa mwingine, aliacha binti mdogo, Zuhura, na aliyemlea yule mtoto miaka miwili na zaidi ni Albertina, pamoja na wanawe mwenyewe. Zuhura alijifunza kutembea kule Kilambo. Hadi leo anamwita Albertina mama mkubwa. Na siku swali hili linaingia kundini, ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja Zuhura aolewe.

Nilisoma mabishano yale nikicheka peke yangu. Kisha mtu akaandika: "Mwalimu yumo humu. Mwalimu, tuamulie." Hapo nikafanya kosa la kwanza. Badala ya kulitazama swali, nilijitazama mimi, mwalimu mstaafu anayeombwa hukumu. Nikavaa miwani, nikaandika kwa fahari: "Jibu ni nane. Magazijuto."

Waliosema nane wakashangilia. Albertina akaandika kwamba anamheshimu Mwalimu, ila bado anaona ni mbili. Somoe akajibu, na hapa nayanukuu maneno yake kama yalivyokuwa: "Mwalimu ameshasema, wewe bado. Hizo hesabu za ng'ambo kawafundishe huko huko."

Simu ikaonyesha kwamba Albertina ametoka kwenye kundi.

Nikakaa na simu mkononi. Kilichonikausha mate ni kwamba sentensi ile niliitambua. Haikuwa ya Somoe. Ilikuwa yangu.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuja Mtwara nikiwa binti wa miaka ishirini na miwili kutoka milima ya Upare, nikiwa na sanduku la bati na sweta mbili. Sweta zile sikuzivaa hata siku moja. Baadaye nilizigeuza mto wa kulalia wa mwanangu. Nilipangiwa Ziwani. Watoto wengi nyumbani walisema Kimakonde, wengine Kimakua, na Kiswahili walikikuta shuleni kama walivyonikuta mimi. Nikiuliza "zimebaki ngapi?" kuna mtoto aliyekuwa akitazama midomo yangu kama mtu anayesubiri ndege atoke ndani.

Aliyeniokoa ni mwalimu mwenzangu mzee, Mwalimu Chilumba. Alikuwa mwembamba, mpole, na kila aingiapo darasani alibeba kopo la vizibo vya soda. Hakuandika namba ubaoni mpaka vizibo vimesema kwanza. Alikuwa akiwapa watoto vizibo kumi, anawaambia mpe mwenzako nne, sasa mimi nakuongeza tatu, hesabu. Mtoto asiyejua neno "toa" alijua kunyang'anywa. Chukueni hilo, bado linafanya kazi, na vizibo vimejaa kila mahali.

Kuna siku nilitunga mtihani: mkorosho mmoja hutoa debe mbili za korosho, je, mikorosho mitano itatoa debe ngapi? Mtoto mmoja akaandika: "Siwezi kujua, labda mmoja una ubwiri unga." Nikampiga mkasi mwekundu, alama ya kukosa. Mwalimu Chilumba akaliona daftari lile, akacheka hadi akakaa chini. Akaniambia kwamba baba wa yule mtoto alipoteza karibu shamba zima kwa ugonjwa huo msimu uliopita, na mtoto amejibu swali nililouliza, mimi ndiye sikuuliza swali nililolitaka. Tangu hapo nilianza kuandika "kila mmoja" kwenye mitihani yangu. Lakini nilijifunza maneno tu. Unyenyekevu wake sikuuchukua, na ndiyo maana haya mengine yakatokea.

Ilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimeandika Magazijuto ubaoni kwa chaki za rangi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Nikawapa swali: kumi toa nne jumlisha tatu. Albertina akanyoosha mkono akasema tisa. Nikamwambia hapana, ni tatu, kwa sababu jumlisha inatangulia toa. Nne na tatu ni saba, kumi toa saba ni tatu. Mnacheka, lakini hivyo ndivyo nilivyofundishwa na hivyo ndivyo nilivyoamini. Albertina hakukaa. Akasema, "Mwalimu, nimehesabu kwa vidole. Ni tisa."

Wazazi wake walikuwa wamevuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita vya huko, na Kiswahili chake kilikuwa na mapito yake. Mimi nilikuwa nimechoka, darasa limeanza kunong'ona, na niliona kama binti mdogo ananivua nguo mbele ya watoto. Nikasema, "Hizo hesabu za ng'ambo kawafundishe huko huko." Darasa likalipuka kwa kicheko. Na mimi nilitabasamu. Sitaki kulificha hilo.

Mchana Mwalimu Chilumba alikuwa akipitia madaftari ofisini. Akalifungua moja, akalifunga, akafungua la pili. Kisha akamimina vizibo kumi mezani mbele yangu.

"Toa nne," akasema. Nikatoa.

"Ongeza tatu." Nikaongeza.

Hakuniambia nihesabu. Akaenda dirishani akaniacha navyo. Vilikuwa tisa.

Baadaye alinielekeza kwa upole kwamba jumlisha na toa ni ndugu wa daraja moja, wanakwenda kwa zamu kutoka kushoto, na alama inaambatana na namba iliyo mbele yake. Gawanya na zidisha vivyo hivyo. Magazijuto ni kamba ya kukusaidia kukumbuka, ukiifuata kama amri ya jeshi itakupeleka shimoni. Akaniuliza, nitawaambiaje watoto? Nikasema nitarudia somo.

Na kweli kesho yake nilirudia. Nilisema, "Jana tulifanya haraka, leo tunarudia." Tulifanya. Nililigawa kosa langu kwa watoto arobaini, na sikumtaja Albertina. Mwaka uliofuata aliacha shule.

Sasa mnaelewa kwa nini simu ilinikausha mate. Somoe alikuwepo siku ile. Watoto wanasahau mambo mengi tunayowafundisha, lakini sauti ya mwalimu akidharau wanaihifadhi, na siku wakikasirika wanaitoa ikiwa bado nzima.

Zikapita siku sita. Asubuhi moja Zuhura akabisha hodi. Aliniamkia, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuzungumzia mambo mengine, mara kuku wangu, mara joto. Mwishowe akasema mama mkubwa ametuma ujumbe kwamba hatakuja harusini, shamba lina kazi. Na mama yake, akiulizwa, anasema asipokuja basi, ni mtu gani anayenuna kwa ajili ya hesabu.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi siwezi kutolewa ndani bila mama mkubwa. Na siwezi kumchagua mmoja."

Alisema bila kulia, na mimi ningependa angelia. Nikamwambia anipeleke Kilambo.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Albertina alikuwa uani akipepeta mpunga, kavaa kanga iliyopauka, nywele zimeanza mvi kama zangu. Akamkumbatia Zuhura muda mrefu. Kisha akaniamkia kwa heshima zote, akanitandikia mkeka, akaleta ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, kisha akarudi kwenye ungo wake.

"Mwalimu, umekuja kunihesabisha?" akauliza.

Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

"Kwa ile nane?"

"Kwa ile nane. Na kwa siku ile ya darasa la tano."

Ungo ukasimama. Akaniuliza kama kweli naikumbuka. Nikamwambia naikumbuka vizuri kuliko siku niliyoolewa. Akacheka kidogo, akaendelea kupepeta, na akiwa anapepeta akanisimulia mambo ambayo mimi, mwalimu wake wa darasa, sikuwahi kuyajua. Alisema hesabu ile alishaisahau. Jina ndilo halikusahaulika. Mwaka mzima watoto walimwita Ng'ambo. Kisimani Ng'ambo, mpirani Ng'ambo. Ni mtoto mmoja tu ambaye hakuwahi kumwita hivyo, naye ni Somoe. Somoe alipigana na msichana mmoja mkubwa kwa ajili ya jina hilo, akarudi nyumbani na sketi iliyochanika akachapwa na mama yake.

"Wangesema wote, ningecheka," akasema Albertina. "Lakini Somoe. Niliona kama simu imeniunguza mkono."

Nikamuuliza jambo nililoogopa kuuliza miaka yote, kama ni mimi niliyemfanya aache shule. Akafikiri. Hakuwa na haraka ya kunifariji, na hilo namshukuru.

"Baba ndiye aliyehamia huku mtoni," akasema. "Lakini aliuliza nani anataka kubaki Ziwani kwa shangazi asome. Mimi nikakaa kimya."

Nililia, wanangu. Zuhura akanishika mkono. Albertina aliniacha nilie, kisha akaweka ungo chini akaja kukaa karibu nami mkekani.

"Niambie, Mwalimu. Siku ile jibu langu lilikuwa sahihi?"

"Lilikuwa sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyekosea, na nililijua siku hiyo hiyo."

"Basi waambie darasa," akasema.

Darasa! Watu wazima wenye wajukuu. Lakini alikuwa na haki yake. Zuhura akaishika simu yangu, akanionyesha pa kubonyeza ili niseme kwa sauti. Mara ya kwanza jogoo wa Albertina aliwika katikati. Mara ya pili nilisahau nilichotaka kusema. Mara ya tatu nikasema yote.

Nilianza na swali la sasa. Niliwaambia nimelitazama upya na nimeona kwamba niliamua kabla ya kulisoma. Nikawapa mfano wa samaki. Kuna samaki kumi na wawili na familia tatu, kila familia ina mama mmoja na mtoto mmoja. Wagawie watu wote sawa, kila mtu atapata wawili. Hiyo ndiyo mbili ya Albertina, na ni hesabu halali. Sasa kuna samaki kumi na wawili wanaogawanywa mafungu matatu, na wewe unachukua fungu moja asubuhi, na mgao kama huo huo ukirudiwa jioni unachukua tena fungu moja. Umepata wanane. Hiyo ndiyo nane ya Somoe, nayo ni halali. Aliyeandika swali anajua alikuwa na hadithi ipi kichwani, au hakuwa na hadithi yoyote, alitaka tu watu wagombane. Angeongeza mabano mengine mahali pake, tungemaliza kwa dakika moja na kurudi kwenye kazi zetu. Swali linalosomeka kwa njia mbili halimpimi anayelijibu.

Kisha nikasema la pili, gumu. Nikalitaja swali lile la darasa la tano, kumi toa nne jumlisha tatu, nikasema jibu lilikuwa tisa, Albertina alipata, mimi nilikosa. Nikasema neno la ng'ambo nililianzisha mimi, nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, kwa sababu niliona aibu kukosolewa na mtoto. Nikamwomba radhi mbele yao. Sikusema tulifanya. Nilisema nilifanya.

Zuhura akautuma ujumbe. Tukakaa tunaitazama simu kama watu wanaosubiri maji yachemke. Wa kwanza kujibu alikuwa kiranja wa darasa lile, siku hizi ni dereva wa malori. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kuita lile jina njiani, na kwamba kila akipita barabara ya Kilambo hukumbuka, ila hakujua aanzie wapi. Mwingine akaandika kwamba yeye alipata tisa pia siku ile, akaifuta haraka aliposikia darasa linacheka. Zuhura alikuwa akisoma kwa sauti, na Albertina alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kidole. Zuhura alipofika ujumbe wa saba au wa nane, Albertina akamwambia inatosha, wasimfanye aunguze mboga.

Somoe hakuandika kitu. Tuliondoka alasiri bila neno lake, na Zuhura njia nzima alikuwa akiichungulia simu.

Yaliyofuata sikuyashuhudia, nilisimuliwa na Albertina. Kesho yake Somoe alitoka zamu hospitali, hakupitia nyumbani, akaenda moja kwa moja Kilambo akiwa na sare zake za kazi. Alimkuta mwenzake uani. Akavua viatu, akachukua ungo wa pili, akaanza kupepeta. Walipepeta hivyo, anasema Albertina, mpaka gunia likajaa, na Somoe hajui kupepeta, nusu ya mpunga aliimwagia kuku. Ndipo Somoe akasema kwamba aliposikia ujumbe wangu alikumbuka sketi yake iliyochanika, akashindwa kuelewa ni lini alihama upande. Albertina akamwambia ale kwanza.

Nimelifikiria sana swali hili la kwa nini watu wazima, waliopita misiba na njaa pamoja, wanaweza kuachana kwa ajili ya mstari mmoja wa hesabu. Nadhani hesabu ni mahali ambapo wengi wetu tuliaibishwa tukiwa wadogo, mbele za watu, na mtu tuliyempenda. Ukimwambia mtu amekosea siasa atabishana. Ukimwambia amekosea hesabu, anarudi kuwa mtoto aliyesimama karibu na ubao. Kwenye simu hamwonani nyuso, humwoni mwenzako akisimama pale. Kwa hiyo mkiletewa maswali ya namna hii na wanafunzi wenu, na mtaletewa, msikimbilie jibu. Waulizeni: umelisomaje? Mtoto akieleza alivyolisoma, mara nyingi utakuta hakukosea, amepita mlango mwingine. Na siku mkikosea ninyi, semeni siku hiyo hiyo, kwa jina la mtoto, mbele ya darasa lile lile.

Harusi ilifanyika siku yake. Albertina alikuja siku tatu kabla, na gunia la mchele, akalala chumba kimoja na Zuhura. Mimi niliwekwa kwenye viti vya mbele pamoja na wakwe, kwa heshima ambayo sikuidai.

Ulipofika wakati wa zawadi, shangazi wa bwana harusi akasimama na doti mpya ya kanga, akaomba kumwona mama wa binti ili amfunge. Somoe akasimama. Alimshika Albertina mkono akamwinua, wakaenda wote wawili mpaka katikati ya ukumbi. Shangazi akasita, akatazama mmoja, akatazama mwingine, na doti ni moja.

Somoe akaomba mkasi. Akaikata kanga pale vipande viwili vinapoungana, kimoja akamfunga Albertina, na Albertina akamfunga yeye kingine.